Mgeni Kwenye Mguu wa Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na imetukuta kwenye foleni ya kliniki ya mifupa bila mwavuli, kwa sababu mwavuli niliusahau kwenye maabara ya shule. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mimi nyuma yake nasukuma, na plasta yake nimeifunika mfuko wa plastiki kama mkate.

Daktari aliinua picha kwenye taa akasema mfupa wa muundi umegoma kuunga. Umegoma, ndivyo alivyosema. Tangu Mama alipoteleza kwenye ngazi ya jikoni, miezi yote hii, vipande viwili vimekaa vinatazamana tu. Kwa kawaida wangepasua, wachukue mfupa kidogo kwenye nyonga na kuupandikiza hapo. Lakini mtaalamu wa nusukaputi alikwisha kuusikiliza moyo wa Mama, akasema yeye moyo huo haulazi, maana hana hakika ya kuuamsha. Mama akajibu kwamba wamekubaliana, kwa kuwa hata yeye hataki kulazwa.

Basi tumepewa kifaa cha sumaku cha kufunga mguuni, hadi mwisho wa Mei. Katikati ya Aprili watapiga picha. Mwisho wa Mei watapiga nyingine, na ikiwa mfupa bado haujafanya lolote watapasua hivyo hivyo na moyo wake huo, au Mama akubali kuburuta mguu maisha yake yote. Nilimuuliza daktari kama kifaa chenyewe kinafanya kazi kweli. Akasema wapo wanaosaidika na wapo wasiosaidika. Angalau ni mkweli.

Kisha akaja fundi wa kifaa, mwanamume mfupi mwenye kalamu nyingi mfukoni, akatueleza kwa utaratibu wa kuudhi. Ndani ya pete ya plastiki mna koili. Inatoa uga sumaku wa namna mbili kwa pamoja: mmoja umetulia, haupandi haushuki, na mwingine ni wa mapigo madogo yanayopigwa juu ya ule uliotulia. Mapigo peke yake hayafai kitu, yanahitaji sakafu ya kuchezea, na sakafu hiyo ina kimo chake. Kwa kuwa dunia nayo ina usumaku wake, kifaa kwanza kinapima uliopo pale mgonjwa alipo, kinaongeza au kupunguza mpaka kipate kimo hicho, ndipo kinaanza kupiga.

“Na tafadhali, msiweke sumaku karibu,” akasema.

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyeelezwa kwamba maji yanalowesha. Alikuwa bado anataka kuendelea na habari za rangi za taa, nikamwambia naelewa, nina darasa saa nane. Darasani nilifika saa nane na nusu, nimelowa hadi soksi.

Jumanne, 5 Machi

Mama amekipa kifaa jina: Mgeni. Anasema kimeingia bila hodi, kinataka mahali pake kitandani, na kinalishwa umeme kila siku. Taa ni ya kijani. Nimeiondoa redio yake karibu na kitanda kwa sababu spika ina sumaku. Sasa iko sebuleni juu ya kabati, na kutoka chumbani haisikiki vizuri. Amenuna.

Alhamisi, 7 Machi

Kijani. Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi amekuja na godoro.

Sijui nianzie wapi. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Tangu Mama avunjike, anakuja kila siku nikienda kazini na anaondoka nikirudi, na katikati hapo anaongea. Hapazi sauti wala haishushi, anaongea tu, mfululizo, kama bomba lililoachwa wazi. Leo amekuja na kigodoro chembamba cha kutandika juu ya godoro, kimeshonewa vidude vya duara safu kwa safu kama vifungo.

“Sumaku,” akasema. “Zinaamsha damu. Wifi yangu alale hapa, wewe utaona.”

“Shangazi, hivyo ni vipande vya bati. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia.”

“Mgongo wangu haukuambiwa kwamba ni bati.”

“Damu haiamshwi na sumaku. Ingekuwa hivyo, mimi niliyeshika sumaku darasani miaka yote ningekuwa naruka ukuta.”

Mama alikuwa anatazama dari. Kisha akasema, “Mwalimu, mwache wifi atandike.” Mama huniita Mwalimu akiwa amechoka nami. Nikawaachia. Nikasema moyoni, bati halimdhuru mtu, na angalau kitanda kitakuwa laini. Mgonjwa akageuzwa huku na huku, Shangazi akitoa maelekezo, mimi nikibeba uzito.

Jioni umeme ukakatika na bati la jikoni likaanza kuvuja. Bati halisi, la paa.

Jumapili, 10 Machi

Taa ya Mgeni imegeuka rangi ya chungwa. Hapana shaka ni kukatika kwa umeme. Nimekichaji kutwa.

Jumatatu, 11 Machi

Bado chungwa. Hii ni aina gani ya chaji?

Jumanne, 12 Machi

Nimempigia fundi wa kifaa. Yuko likizo. Anayeshika nafasi yake akasema, “Izime, kisha iwashe.” Mtu anasoma miaka mingapi ili aje kusema hivyo? Nikakipeleka sebuleni, nikakizima, nikakiwasha, nacho kikawa kijani palepale. Nikamwomba radhi moyoni yule wa zamu. Nikakirudisha kwenye mguu wa Mama, na kabla sijafika mlangoni kikawa chungwa tena.

“Pengine kinanionea haya,” akasema Mama.

Jumapili, 17 Machi

Nimebadilisha waya wa chaji, nimebadilisha soketi. Nimekifuta unyevu, maana nyumba nzima ina unyevu, hata chumvi imekuwa uji. Sebuleni kijani, chumbani chungwa. Nimefikia uamuzi kwamba chungwa ni alama ya betri iliyochoka na kwamba kazi inaendelea, kwa sababu kwenye kioo chake saa za matumizi zinazidi kuongezeka kama kawaida. Siwezi kukesha na taa. Nina madaftari ya kidato cha tatu ya kusahihisha, na nusu ya darasa wameandika kwamba ncha ya kaskazini inavuta kwa sababu kaskazini ni baridi.

Jumamosi, 23 Machi

Shangazi amemweleza Mama kisa cha harusi ya mtu nisiyemjua tangu asubuhi hadi nilipotandika meza jioni, na bwana harusi alikuwa bado hajafika. Nilipomwuliza kama amemfanyisha Mama yale mazoezi ya vidole vya mguu niliyoyaacha, akasema, “Tulikuwa na mazungumzo.” Nikasema mfupa haungwi na mazungumzo. Akaniangalia, akavaa viatu, akaenda zake akiwa bado anaongea.

Mama akasema nina mdomo mchungu. Nikamwambia kuna mtu lazima awe na akili timamu katika nyumba hii.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Maabara inavuja juu ya kabati la mizani. Mkuu wa shule amesema niweke ndoo. Nimeweka ndoo.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku ya picha. Mfupa haujafanya kitu, hata ukungu mwembamba wa kudanganyia macho haupo. Daktari aliweka picha ya Machi na ya leo bega kwa bega, akazitazama, akatutazama sisi, akauliza kwa upole, “Lakini mnakitumia?”

Upole wake ndio ulioniudhi. Nikamgeukia Mama palepale mbele ya watu, nikamwuliza kama huwa anakivua nikitoka. Nilimwuliza kwa ukali, kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ya kuibia mtihani. Mama hakujibu mpaka tulipofika nyumbani, nimekwisha kumlaza na kumfunika.

“Mgeni wako nimemlaza kwenye mguu wangu kama kichanga,” akasema. “Sijigeuzi. Mbavu upande mmoja zimekufa ganzi. Halafu unaniuliza mbele ya daktari.”

Nikasema samahani. Akasema sawa, kwa ile sawa yake ambayo si sawa. Nikaenda jikoni, nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Daktari amerudia: mwisho wa Mei. Baada ya hapo ni chumba cha upasuaji. Ninaogopa. Nilikuwa sijaandika neno hilo humu, lakini ndivyo ilivyo, ninaogopa moyo wa Mama, na nikiogopa nakuwa mkali, na nikiwa mkali kila mtu ananikimbia na ninabaki na ndoo.

Jumatatu, 15 Aprili

Nataka kuandika hili polepole, maana nina hasira na sijui bado namkasirikia nani.

Kipindi cha tatu, kidato cha tatu, sumaku na umeme. Onyesho langu la kila mwaka: koili mezani, betri, swichi, na dira kando yake. Ukibonyeza, sindano ya dira inaruka. Ukiachia, inarudi. Unabonyeza na kuachia, sindano inacheza, darasa linacheka, na hata wa nyuma kabisa wanaelewa kwamba umeme unaopita katika koili unageuka kuwa sumaku kwa muda. Halijawahi kunishinda.

Leo nikabonyeza, sindano ikatulia. Nikabonyeza tena. Ilijikuna kidogo tu, kama mtu aliyeitwa na hataki kuamka. Nikabadilisha betri, nikasugua nyaya. Darasa likaanza minong'ono. Msichana wa mbele akasema, “Mwalimu, sindano imeshikwa.” Nikainama, na kweli, kwenye rafu ya chini ya meza, sawasawa chini ya dira, kulikuwa na sumaku mche kubwa ya kipindi kilichopita. Imekaa kimya, imeishika sindano, na mapigo yangu yote ya koili yalikuwa yanapotea bure.

Nikapaza sauti. “Nani ameacha sumaku chini? Mnataka koili ifanye kazi gani wakati chini yake kuna sumaku?”

Nikajisikia nikisema hivyo. Nikabaki nimeinama vile vile, mkono kwenye rafu. Wanafunzi nadhani walifikiri mgongo umenishika.

Nikawaambia wafungue kitabu wasome kimyakimya. Nikachukua dira, nikamwambia mkuu wa shule nina dharura, nikaenda nyumbani kwa miguu katika mvua kwa sababu sikuwa na subira ya kusubiri chombo chochote.

Walikuwa chumbani wote wawili, Shangazi kwenye kiti, Mama kitandani, Mgeni na taa yake ya chungwa. Sikusalimia. Nilisimama mlangoni na dira kiganjani: sindano imetulia, kaskazini yake iko pale pale. Nikasogea hatua kwa hatua. Karibu na kitanda ikaanza kuyumba. Juu ya kitanda ikageuka, nikiisogeza shubiri moja inageukia huku, shubiri nyingine inageukia kule. Vidude vile ni sumaku. Sumaku za kweli, na zenye nguvu kuliko zote nilizo nazo maabara.

Nikaelewa mchezo mzima. Kifaa kinaanza kwa kupima usumaku uliotulia mahali kilipo, na kimekuwa kikipima godoro. Ni kama mizani ya dukani iliyowekewa jiwe kabla mteja hajafika. Kinajaribu kupunguza, hakiwezi, jiwe ni kubwa mno, basi kinakaa na taa ya chungwa kikisubiri, na hakipigi hata pigo moja, ingawa saa za kwenye kioo zinahesabika. Nami nilikuwa nimeihamisha redio!

Nilimwambia Shangazi maneno. Nilisema godoro lake limeula mwezi mzima wa mama yangu. Nilisema watu wasiojua jambo wawe wanakaa kando. Nilisema Mama akienda kupasuliwa na moyo ukagoma, yeye ndiye atakayeeleza ukoo. Niliyasema yote nimesimama, maji yananitiririka, dira mkononi.

Shangazi alinyamaza. Sijawahi kumwona amenyamaza. Kisha akasema, “Taa nilikuwa naiona. Nilidhani ikiwa ya chungwa mashine imepumzika, kwa kuwa godoro linafanya kazi.”

“Mimi nilidhani chungwa ndiyo dawa kali,” akasema Mama.

“Mashine haipumziki! Umeweka sumaku chini ya mgonjwa!”

“Mwanangu,” akasema Shangazi, “wewe ndiye uliyeniambia ni bati.”

Yeye akainuka, akamwegemeza Mama upande mmoja kwa mkono mmoja, akalivuta godoro kwa mkono wa pili, akalikunja. Nikataka kumsaidia, akaniepa. Akaomba mfuko wa plastiki. Akaondoka nalo begani, kwenye mvua, bila kusema neno hata moja kuhusu mtu yeyote. Taa ilikuwa ya kijani kabla hajafika getini.

Jumanne, 16 Aprili

Kijani. Shangazi hajaja.

Jumatano, 17 Aprili

Kijani kutwa. Nimerudisha redio chumbani, mbali na mguu, upande wa dirishani, baada ya kupima kwa dira. Mama amesema asante na hakuiwasha.

Jumamosi, 20 Aprili

Sasa kila kitu kiko sawasawa, na Mama hali. Chakula cha mchana ninachomwachia nakikuta kimefunikwa vilevile kilivyo. Anasema hana njaa. Mazoezi ya vidole anayafanya, ukimwuliza anajibu, ila anajibu kama mtu anayesoma ukutani. Nimembadilishia shuka, nimempanga mito, nimemweleza mara ya pili jinsi kifaa sasa kinavyopata sakafu yake na kupiga juu yake vizuri.

Akanisikiliza mpaka mwisho. “Mwalimu,” akasema, “unajua kwa nini nilikubali lile godoro?”

“Kwa sababu huwezi kumkatalia wifi yako.”

“Kwa sababu godoro likiwa hapa, lazima aje kuliangalia. Mchana ni mrefu. Wewe ukija unapitapita tu, umeagiza hiki umeuliza kile, halafu umeondoka, kimya. Yeye alikuwa anakaa tu.”

“Mimi nina kazi, Mama.”

“Sijasema huna kazi.”

Nilitoka nje kuanua nguo, ambazo zilikuwa hazijakauka. Nilikasirika sana. Kila asubuhi namwogesha mtu, nampikia, nakimbia shule, narudi nakimbia, halafu anayesifiwa ni mtu aliyekaa kitini anasimulia harusi. Nikazianika tena nguo zilezile.

Jumatano, 24 Aprili

Kijani. Mama hali chakula. Mvua.

Jumapili, 28 Aprili

Nimekwenda kwa Shangazi. Nilitembea na maneno yangu niliyoyapanga vizuri, ya kumwomba aje bila ya kukiri kwamba nilikosea sana. Sentensi ilikuwa imetulia kabisa kichwani.

Chumba chake ni kimoja, safi, na pazia linalogawa jiko na kitanda. Kitandani palikuwa na mkeka juu ya mbao, basi. Godoro la sumaku lilikuwa nyuma ya mlango, limekunjwa, limefungwa kamba, bado liko ndani ya mfuko wangu wa plastiki.

“Shangazi, unalala kwenye mbao?”

“Nimezoea.”

“Tangu lini?”

Hakutaka kusema. Ikatoka kidogokidogo. Kigodoro kile hakukinunua kwa ajili ya Mama, kilikuwa chake, amekilalia miaka kwa sababu ya mgongo. Na hakina kingine chini yake. Alipomletea Mama alibaki na mkeka. Mwezi ule wote nilipokuwa namwona anakaa kitini mshazari na kunyoosha kiuno huku akiongea, nikidhani ni uvivu, ilikuwa ni mgongo.

“Sasa si umekirudisha? Kilalie.”

“Sikilalii. Kimeumiza mtu.”

“Hakijamuumiza. Kimezuia kifaa tu.”

“Ndiyo hiyo hiyo.”

Ile sentensi yangu niliyoipanga ikanipotea. Nikamwambia, “Shangazi, fundi alituonya kuhusu sumaku. Aliniambia mimi. Wewe hukuwapo. Nilisikia, nikaenda kuhamisha redio, na lile godoro sikuligusa hata kwa kidole kwa sababu nilishaamua kwamba wewe huwezi kuwa na sumaku ya kweli.”

Akauliza, “Hata sindano hukuisogeza karibu nalo?”

“Hata sindano.”

Akaanza kucheka. Alicheka ameshika mgongo, machozi yakamtoka, akajaribu kuacha akashindwa. “Mwalimu mzima!” akasema. “Kwa hiyo tuliouziwa mbuzi kwenye gunia tulikuwa wawili!” Mwanzoni kicheko kile kilinikera. Halafu nikakaa kwenye ule mkeka wake na nikaona kwamba naye alikuwa ameogopa, siku zote hizi, peke yake, na hakuwa na mtu wa kumfokea.

“Zina nguvu, lakini?” akauliza alipotulia.

“Zinavuta chuma kweli kweli.”

“Na mgongo?”

“Mgongo, hapana, Shangazi. Siwezi kukudanganya.”

“Mgongo wangu unasema zinasaidia.”

Nilikuwa na jibu la hilo, tena refu. Nikalimeza. Nikafungua kamba, nikalitandika godoro kwenye kitanda chake, nikalinyoosha pembe zote. Nikamwambia kesho ninaondoka nyumbani mapema. Akasema atakuja, ila akisikia tena habari za mazoezi ya vidole wakati wa mazungumzo atarudi kwake.

Jumatatu, 29 Aprili

Kijani. Sahani mbili zimekutwa tupu. Bwana harusi amefika, ila kumbe bibi harusi ana mimba ya mwezi wa sita.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua inapungua. Fundi wa kifaa amerudi likizo, amepiga simu mwenyewe. Nikamweleza yote ili naye amjulishe daktari. Akasema, “Nilitaka kukwambia habari za taa, mwalimu.” Nikamwambia najua. Ningependa angekuwa na dharau kidogo, ingenirahisishia. Alikuwa na adabu mpaka mwisho.

Jumanne, 14 Mei

Kijani. Shangazi amehesabu vidole vya Mama kwa kuimba ili mazoezi yaendane na hadithi. Hili wazo ni zuri na sikulitoa mimi, na nimekwisha kukasirika kuhusu hilo, basi.

Jumapili, 26 Mei

Jua kutwa nzima. Nguo zimekauka, zote. Sijalala vizuri. Hesabu ninaijua: wiki za chungwa zimepotea, zilizobaki ni chache kuliko alizopewa mtu mwingine yeyote. Mama ananiuliza kama atapasuliwa, nami namwambia hapana. Shangazi anamwambia, “Hata mimi sijui.” Mama analala akishikilia mkono wa Shangazi.

Alhamisi, 30 Mei

Tulikwenda watatu. Walikata plasta kwanza, mguu ukatoka mwembamba, umepauka, una harufu. Mama akautazama kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoazimisha. Wakampeleka kupiga picha. Mimi na Shangazi tukabaki kwenye benchi. Hakuongea. Ningetoa chochote aongee.

Daktari aliweka picha tatu sasa: Machi, Aprili, Mei. Ya Machi na Aprili ni mapacha. Ya Mei, upande mmoja wa mfupa, kuna kitu cheupe kimevuka kutoka kipande hadi kipande. Upande wa pili bado. Akakifuata kwa kalamu, akakifuata tena.

“Unaunga,” akasema. “Hatupasui. Aendelee na kifaa, aanze kukanyaga kidogo kidogo kwa gongo.”

Nilisikia sauti ikitoka, nikadhani ni Shangazi, kumbe ni mimi. Nilikuwa nalia kwa kelele kama mtoto aliyekanyagwa. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa.

Nilipopata pumzi nikamwuliza daktari kama ni kifaa.

“Huenda.”

“Huenda? Kabla ya sumaku kuondolewa hakuna kitu, baada ya kuondolewa kuna kitu.”

“Ameanza pia kula vizuri. Na kuna mifupa huamua yenyewe tu. Mgonjwa mmoja hawezi kuniambia.”

Msimu mzima! Msimu mzima wa mvua nimegombana na kila kiumbe ndani ya nyumba kwa ajili ya uga tulivu na uga wa mapigo, na mwisho wake mtu aliyesoma ananiambia huenda. Na ubaya zaidi ni kwamba yuko sahihi. Ningekuwa nimesahihisha daftari lenye majaribio kama yetu, mambo kadhaa yamebadilishwa kwa mpigo mmoja, ningelipa sifuri. Nikaanza kumweleza hivyo kwa kirefu.

“Mwalimu,” akasema Mama. “Nyamaza.”

Shangazi akainua kichwa. Akamwuliza daktari, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, “Kwa hiyo sikumharibia?”

Daktari hakuelewa swali. Akanitazama mimi nimjibu.

“Hukumharibia, Shangazi,” nikasema. “Wewe ndiye uliyekaa naye.”

Mama alikuwa amebeba viatu vyote viwili kwenye mkoba, vya kufunga kamba, amevipiga rangi mwenyewe kitandani bila kutuambia. Akavitoa, akajaribu cha mguu mbovu. Hakikuingia, mguu umevimba kifundoni. Akajaribu tena, akatukana kidogo, akavua hata kile cha mguu mzima. Akaweka gongo upande mmoja, upande wa pili akashika bega la Shangazi, akasimama peku kwenye sakafu ya kliniki. Alitetemeka, nikanyoosha mikono yote miwili.

“Wewe beba viatu,” akaniambia.

Nikabeba viatu.